Nyumba Isiyohama

Ejok, hujambo, mjukuu wangu Akiru. Hapa Lodwar tuko salama, mama yako amepona mafua na mbuzi wa mjomba wako wamezaa mapacha. Huko Kakuma, wanafunzi wako hawajambo?

Umeniuliza kama mwalimu mwenye mshahara mdogo na madeni anaweza kupata mkopo wa nyumba. Mimi nilikuwa mpishi wa shule nilipoomba wangu kwenye chama cha akiba na mikopo. Nilidaiwa dukani, tena nikimlipia mdogo wangu karo. Mwenzangu wa jikoni aliniambia, "Madeni usiyataje." Lakini mbele ya karani niliyataja yote.

Yule mama karani akafungua daftari lake. "Maliza la duka kwanza, kisha urudi," akasema. "Nitakuandikia kiasi utakachoweza kulipa bila kulala njaa."

Nilimaliza, nikarudi, nikapewa. Pesa hazikuwa nyingi kama nilivyotaka, lakini zilitosha kujenga vyumba viwili.

Ndipo baba yangu, mfugaji aliyehamahama maisha yake yote, akaja kutoka Lokiriama. Aliizunguka nyumba polepole, akipapasa kuta kwa kiganja.

"Kesho tukiamka, itakuwa hapa hapa?"

"Itakuwa hapa, baba."

"Hata mvua ikienda kwingine?"

"Hata ikienda kwingine."

Akavua kofia yake, kama mtu aingiaye kanisani, akainama mlangoni akaingia. Nilimfuata ndani.

Nyanya yako