Bastola ya Kuvalia Kanzu

Shangazi Ummi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, maana matatizo yangu ya nyuma yote yalikuwa ya kawaida, na leo naomba msaada wako kwa jambo ambalo kila ninayemuuliza ananijibu kwa kucheka, nalo ni hili: kwa mtu anayevaa kanzu, ni bastola ipi ya mfukoni inayofaa?

Naomba usinitaje jina. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, nina duka la kushona kanzu na suti hapa Berea chini ya ghorofa moja la zamani, na makazi ya kudumu nimeyapata kihalali kupitia kwa mke wangu, ambaye baba yake ni mmoja wa wale wapigania uhuru wa huku kusini waliorudi kwao na wake kutoka Morogoro. Mke wangu nitamwita Yasmin, kwa sababu ndilo jina lake na kutunga majina sijui. Yeye ndiye anayetia vifungo na kutarizi shingo za kanzu, tunakaa dukani pamoja kutwa. Sasa kabla ya Ramadhani iliyopita waliingia vijana wawili na bastola, wakamlaza Yasmin chini, wakachukua simu zetu na pete yake wakaenda zao, mimi nikiwa nimesimama na tepu yangu shingoni, na tangu hapo nikaamua lazima na mimi niwe nayo.

Sikutaka ya uchochoroni, Shangazi, nimefuata sheria. Mafunzo nimefanya, mtihani nimefaulu, cheti ninacho, sefu nimeifunga ukutani kwa boliti. Kilichobaki ni kuchagua, kwa sababu hapa leseni inaombewa bastola ile ile uliyoichagua, huwezi kuomba kwanza halafu ukachagua baadaye, na muuzaji ameniwekea mbili kando na ameanza kuchoka kuniona.

Ya kwanza ni ndogo, inajaa kiganja tu, risasi sita, na ndani ya kanzu huioni kabisa, lakini Thabo, mwalimu wetu wa shabaha, anasema bastola ndogo kiasi hicho ni ya mtu aliyekwisha kuzoea, mtu mpya inamrukia mkononi, na kweli nilipoijaribu kidole changu cha mwisho kilikosa pa kushika kikabaki kinaning'inia. Ya pili ni nene kidogo, risasi tisa, inashikika vizuri, na nikipiga angalau ile karatasi ya shabaha inapata habari. Tatizo la hii ya pili ni kitambaa. Kitambaa cheupe cha kanzu hakina siri, mimi ndiye ninayekikata na ninakijua, ukiweka kitu kizito mfukoni bega la upande ule linashuka na umbo lote linajichora. Nimefikiria kuvaa koti juu, lakini mwezi wa Januari mtu mwenye koti anaulizwa kama ana homa.

Nikaona nisibahatishe, maana hata mteja wangu hachukui suti bila kuijaribu. Nikamwendea Jacques, seremala Mkongo tuliye naye ghorofa moja, nikampa vipimo vya ile nene, nikamwambia anichongee kipande cha mti cha ukubwa ule na atie nati ndani kiwe na uzito ule ule, nikipachike mwilini nione kinakaaje. Mimi niliomba kipande cha mti tu. Jacques akachonga mpaka mdomo na kifyatulio, akakipaka kiwi cheusi kikang'aa, na nilipomuuliza vya nini vyote hivi akasema, "Mukubwa, kazi ya nusu miye sifanyake." Nikashona mfuko maalumu ndani ya kanzu, upande wa kulia chini ya mbavu, nikatembea nacho nyumbani, nikapanda nacho ngazi, nikakaa nacho kwenye kiti, kikatulia. Ijumaa nikaenda nacho msikitini.

Shangazi, mfuko nilikuwa nimeupima nikiwa nimesimama na nikiwa nimekaa. Nikiwa nimesujudu sikuupima. Rakaa ya kwanza ulivumilia. Rakaa ya pili, tulipokwenda chini, nikasikia uzi unaachia, kibao kikatoka kupitia shingoni mwa kanzu, kikateleza juu ya zulia kikaenda kusimama mbele ya Mzee Bakiri, jirani yangu wa safuni, mdomo ukimwelekea yeye. Mzee Bakiri hakuvunja swala. Alikisukuma kwa kiwiko taratibu kikarudi kwangu, nami nikakifunika kwa kofia, tukamaliza. Baada ya salamu watu walitoka haraka kuliko kawaida. Nilitaka kueleza kuwa ni mti, lakini nikaona pia nitalazimika kueleza kwamba mshono ule ulikuwa wa mkono wangu, na mimi ndiye niliyewashonea kanzu zao nusu ya wale waliokuwamo.

Kwa hiyo nimenyamaza, na sasa mji mzima unajua nina bastola. Watu waliozoea kunikumbatia wananipa mkono kutoka mbali. Safuni naachiwa nafasi pande zote mbili. Nassir, mwenzetu wa Unguja mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, alinipigia simu akasema, "Fundi, hebu nisindikize nikachukue bidhaa, mie nikiwa na wewe hakuna atakayenigusa," nikamsindikiza, na kibao nikakichukua. Sitakuficha, nilijisikia vizuri. Kwenye kila robot, zile taa za barabarani, gari ilipokuwa inasimama nilikuwa naangalia nje bila kuogopa, jambo ambalo sijalifanya tangu siku ile ya vijana.

Ila juzi waliingia watu wawili nisiowajua, wakasema wanataka kupimwa kanzu. Nilipomuuliza mmoja anataka shingo ya namna gani, akasema yoyote. Hakuna mtu anayesema yoyote kwa shingo ya kanzu. Walikuwa wananiangalia kiunoni kuliko walivyokuwa wanaangalia vitambaa, wakasema watarudi.

Na kuna Yasmin. Tangu siku ile ya vijana amehamisha kiti chake kutoka karibu na cherehani yangu akakiweka mlangoni, vifungo anavitia pale pale, na kila anayeingia anakutana na yeye kwanza. Maana yake naijua, ananiona mimi si mtu wa kulinda duka, na hilo linanichoma sana. Nilimwonyesha picha za bastola zote mbili nikamwomba anisaidie kuchagua, akazitazama akasema, "Sharp, sawa tu, Burhani, chukua unayoitaka. Lakini ile geti niliyokuambia, iko wapi?" Kwa sababu ameshikilia tufunge geti la nondo lenye kengele, mteja abonyeze ndipo afunguliwe, nami nimemweleza mara nyingi kuwa mtu haji kununua kanzu ya harusi mahali panapofanana na jela. Halafu afisa wa leseni atakuja kukagua sefu, na anazungumza na mke pia. Nimemuuliza Yasmin atamwambia nini, akasema atajibu atakachoulizwa. Shangazi, silali vizuri, naogopa atasema mimi si mwanamume wa kupewa bastola, na naogopa zaidi kwamba atakuwa anasema kweli.

Basi naomba unijibu upesi kabla wale wawili hawajarudi. Nichukue ile ndogo au ile nene?

Ni mimi, Fundi Asiyetajwa, Berea.

SHANGAZI UMMI ANAJIBU:

Marahaba, Fundi Asiyetajwa. Jina lako umeliandika mwenyewe katika maneno ya mkeo, nami nimeliacha lilivyo, maana baada ya Ijumaa ile sidhani kuna mtu Berea anayehitaji gazeti ili akujue.

Nianze na ulichouliza. Ndani ya kanzu, hakuna. Si ndogo, si nene. Sheria ya hapa inataka bastola ikae kwenye ala yake, ifunikwe yote, na iwe chini ya udhibiti wako muda wote, na mfuko wa kanzu si ala hata ungeshonwa na fundi hodari kuliko wewe, ambaye kwa habari za mfuko huu naona wapo. Tena tazama tunavyoishi. Watu wetu tunakumbatiana kifua kwa kifua, tunapangana bega kwa bega, tunainama mpaka paji la uso liguse zulia, na mgeni akiingia nyumbani watoto wanamrukia mapajani kabla hajaketi. Wewe ulitaka kuficha chuma katikati ya watu wa namna hiyo, na kitambaa ndicho ulichokiona kuwa ni tatizo.

Ikifika siku ya kuchukua moja, chukua nene, kwa sababu unaweza kuishika. Mtu asiyeweza kuishika bastola yake hatari yake ya kwanza ni kwa aliye naye chumbani, na kwako aliye chumbani ni Yasmin. Itakaa kwenye ala, kwenye mkanda wa suruali. Siku ya kanzu inabaki kwenye sefu, na Ijumaa ni siku ya kanzu. Thabo alikwisha kukueleza haya, wewe ukasikia habari za kidole tu.

Sasa kibao. Baba, hivi unajua ulichojifanyia? Hatari zote za mwenye bastola unazo, na bastola yenyewe huna. Katika mji huu watu wanavamiwa ili wanyang'anywe bastola zao, si kwamba wanaachwa kwa kuwa wanazo. Wale wawili hawakuja kukuogopa, walikuja kuangalia unaiweka upande gani. Na kule Soweto ulimsindikiza mtu mwenye roho yake kwa kipande cha mti kilichopakwa kiwi. Angetokea mtu, wewe ungetoa chako naye angetoa chake, na chake kisingekuwa kazi ya Jacques. Nimekasirika kuliandika hili, na nitalirudia nikikutana na wewe.

Kwa hiyo Ijumaa hii kibao kinarudi msikitini, safari hii mkononi. Muombe imamu akupe nafasi kidogo baada ya swala. Mpe Mzee Bakiri akishike, yeye ana haki ya kwanza. Kigonge sakafuni wasikie kuwa ni mti. Waeleze ulikuwa unajaribu mfuko, na mfuko ukakushinda. Watacheka mpaka washikane. Wacha wacheke, na usiwazuie wakianza kupiga simu, maana nataka kicheko hicho kiwafikie wale wawili kabla hawajakumbuka kwamba waliahidi kurudi. Utapoteza heshima ya mfuko mmoja. Kanzu zao bado wanazivaa na hazijawafumukia. Nassir naye mpigie mwenyewe, asiisikie kwa mtu.

Nije sasa kwa jambo ambalo hukuniuliza. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mfuko umeueleza kwa kirefu, kitambaa umekieleza, kidole chako cha mwisho kimepata nafasi nzuri kabisa. Siku mkeo alipolazwa sakafuni na watu wenye silaha umeiandikia maneno matatu, "wakamlaza Yasmin chini," kisha ukaendelea na habari za simu. Tangu siku hiyo umewahi kumuuliza aliumia wapi? Umemuuliza alikuwa anawaza nini pale chini? Umemwambia wewe ulikuwa unawaza nini? Nadhani hujamwambia, maana ungekuwa umemwambia, mimi usingeniandikia.

Kusimama na tepu yako shingoni halikuwa kosa, Burhani. Ungejitia ushujaa siku ile, leo barua hii ingeandikwa na mjane. Uliogopa, na kuogopa kwako ndiko kulikowarudisha nyumbani wote wawili. Mwambie hivyo hivyo, kwa mdomo wako, bila picha za bastola mkononi. Mwambie leo, afisa asije akayasikia kwa Yasmin mambo ambayo wewe mumewe hujawahi kuyauliza.

Kuhusu kiti, umesema maana yake unaijua. Huijui hata kidogo. Mke anayemdharau mumewe anahamia kwa mama yake, au anahamia kwenye simu yake. Hakai kati ya mumewe na mlango. Wakiingia tena, wa kwanza kukutana nao ni yeye, na hilo analijua tangu siku alipokihamisha, na ndiyo sababu alikihamisha. Unalindwa, baba, na mtu mwenye sindano ya vifungo, na wewe umekaa nyuma unapima mfuko. Machozi yamenitoka nilipofika hapo, na mimi si mtu wa machozi.

Alikuomba geti, ukampelekea picha za bastola achague. Usiniambie habari za jela. Maduka yote ya mtaa wako yana geti na kengele, na maharusi wanabonyeza kengele wanafunguliwa wanapimwa. Jumatatu asubuhi mlete fundi wa kuchomea. Maombi ya leseni yaweke kando, muuzaji amechoka tayari, hatachoka zaidi. Geti likishasimama na mkishazungumza, muulize Yasmin kama anataka bastola ndani ya nyumba yake. Akisema ndiyo, umekwisha kujua ni ipi. Akisema hapana, ile sefu itawafaa kwa pasipoti zenu.

Na mpaka geti lifungwe, leo hii kabla ya kufungua duka, hamishia cherehani yako mlangoni, na kiti cha Yasmin kirudishe ndani pale ulipokuwa unakaa wewe. Akikataa kuhama, kaeni mlangoni wote wawili.