Njia Ambayo Sikuimaliza

Kiranjeranje,
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi Biasha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na ule mguu umepungua kuvimba. Huku kwetu hatujambo. Wifi yako Adija anakusalimu sana, mikorosho imeanza kutoa maua, na mimi sina ugonjwa ila uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ningeweza kukupigia simu, lakini kuna maneno ambayo nisingeyamaliza nikisikia sauti yako.

Mwanao Nurdin amenifikishia ujumbe kwamba unalitaka daftari la mwaka aliopotea shemeji Maftaha, ili wajukuu wasomewe jinsi babu yao alivyotafutwa. Nimelitoa sandukuni. Madaftari yamefika arobaini na moja sasa, dada. Tangu nilipoajiriwa ubwana shamba, nikienda kwa miguu kukagua mikorosho kutoka Kiswere hadi huko kwenu Kilangala, kila siku ya safari niliandika nilikopita: saa ya kuondoka, saa ya kufika, kisima chenye maji na kilichokauka. Nilipostaafu sikuacha kutembea wala kuandika. Adija hunitania kwamba nimewapunguzia kazi malaika wa mabegani.

Watu waliyaamini madaftari yale, na ndiyo maana msako ulipoanza waliniamini mimi. Unakumbuka mlikuwa mmekuja kwenye harusi ya binti yangu, na shemeji kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Alitoka adhuhuri akasema anakwenda kuangalia shamba lake, na shamba lake liko Kilangala. Mzee Sebastiani, aliyeongoza msako, alisema njia ya kijito cha Namatuli nipewe mimi Nassibu, kwa kuwa naijua nje ndani. Sikupewa mwenzi, watu walikuwa wachache.

Ukifungua ukurasa wa siku ya tatu utakuta nimeandika: nimefika Namatuli saa saba mchana, nimeita, hakuna mtu. Jioni ile nilimsomea Sebastiani maneno hayo, naye akasema basi upande ule umekwisha, wote wahamie kaskazini. Siku ya kumi na moja warina asali walimkuta ng'ambo ya kijito, amejilaza chini ya mti, kandambili zake amezipanga pembeni kama mtu aliye mlangoni kwake.

Dada, sikufika Namatuli. Niliishia kwenye mwinuko. Goti liliniuma, nilikuwa nimetembea siku tatu, nikakaa kivulini nikijiambia kwamba mzee wa miaka sabini na mbili hawezi kufika mbali vile. Nikasinzia. Nilipoamka niliandika palepale nilipokaa, kisha nikarudi. Niliandika kwamba nimeita, na sikuita. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukasema unashukuru kwamba walau upande mmoja ulitafutwa na mtu wa kuaminika. Nikanyamaza, na nimenyamaza miaka sita.

Kama alikuwa hai siku ile, Mungu ndiye ajuaye. Wiki iliyopita niliitembea njia ile mpaka mwisho, na fimbo mkononi. Kutoka pale nilipokaa hadi kijitoni ni mwendo wa nusu saa, kwa kuwa njia inazunguka bonde, na kwa miguu hii ya uzee. Mwanamke mmoja alikuwa ng'ambo akikata ukindu. Nilipompigia hodi kutoka palepale mwinukoni nilipokaa siku ile, aliitika.

Nurdin atakuletea daftari pamoja na barua hii. Sikufuta kitu, ila chini ya ukurasa ule nimeandika ukweli kwa wino wa leo. Najua hitima ya shemeji ni mwezi ujao. Ukiniita, nitakuja niyaseme haya mbele ya watoto. Usiponiita, sitauliza sababu, na dua nitamsomea hukuhuku.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mwenyezi Mungu akupe afya.

Mimi mdogo wako,
Nassibu