Mwendo Wetu wa Polepole

Tampere,
30 Juni 2019

Mpendwa Mjomba Tauno,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za goti lako, nikwambie kwamba kuna sauti imenikaa masikioni tangu theluji ilipoanza kuyeyuka: kr, kr, kr, kama mtu anayetafuna changarawe huku akijaribu kuimba. Ni muziki wa ule mchezo wa magari uliotuachia, ukikatikakatika kwenye kompyuta yangu. Hata nikiwa naoga nausikia.

Haya, goti linaendeleaje? Mama anasema ulimpigia simu ukiwa kwenye magongo, ukacheka, na yeye hakucheka. Tafadhali usipande ngazi mpaka daktari akuruhusu. Huku sote tu wazima. Mgongo wa Baba umetulia kidogo. Zamani alipasua kuni bila kupumzika. Siku hizi anapasua huku akilalamika, na kule kulalamika ndiko kunakompumzisha. Viazi vipya vimewahi mwaka huu. Tumevila na samaki wa chumvi na bizari mpaka tukashindwa kuinuka.

Nina habari ya msiba mdogo. Mtambo wako wa michezo ya televisheni umekufa. Tulipofungua nyumba ya ziwani wakati wa Pasaka, Arttu aliubonyeza na taa yake haikuwaka. Baba aliufungua akakuta ndani kumeliwa na unyevu. "Tauno aliuacha mzima," akasema, akatuangalia mimi na kaka yangu kama watu waliomuulia ng'ombe.

Unajua mwenyewe kwamba kwetu mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, bila mashindano si mkesha. Ni wewe uliyeweka sheria kwamba anayeshinda ndiye anayemwaga maji ya kwanza kwenye mawe ya moto ya sauna. Tangu uhamie Kanada wachezaji tumebaki wawili, Arttu na mimi. Kwa watu wengine kaka yangu ni mhandisi mwenye ndevu, mwenye mikutano na marafiki nisiowajua. Mbele ya mchezo ule alikuwa wangu peke yangu. Nakwambia hivi kwa sababu wewe huwezi kunicheka ukiwa mbali kiasi hicho, au ukicheka sitakusikia.

Kwa hiyo nilijitwika kazi. Siku hizi zipo programu zinazoifanya kompyuta ijidai ndiyo mtambo wa zamani. Sikutaka kuokota mchezo mtandaoni. Nilinunua kifaa cha kusomea kaseti, nikaunakili kutoka kwenye kaseti yetu yenyewe, ile yenye alama ya meno ya Arttu. Mchezo ukafunguka. Jina lako bado limo kwenye orodha ya washindi. Lakini picha ilikuwa ikirukaruka kila gari lilipokata kona, na muziki ndio huo, kr, kr, kr.

Nilihangaika, Mjomba. Nilipoiambia programu ijiwekee akiba kubwa zaidi ya sauti, mikwaruzo ilikoma, lakini sauti ikawa inachelewa: gari limeshalala mtaroni ndipo breki zinalia. Nilibadilisha namna ya kuchora picha. Nilifunga programu nyingine zote. Niliazima kompyuta yenye nguvu kutoka kazini kwangu, nayo ikakwaruza vilevile, kwa nguvu zaidi.

Mkesha ukafika, na Arttu akaja na Tove.

Sijui Mama amekueleza nini kuhusu Tove. Ni Mswidi wa Gothenburg, walianza kuonana mwaka jana. Ni mpole, na afadhali asingekuwa. Alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha kahawa mkononi, akaangalia picha inavyoruka.

"Samahani, Saimi," akasema, "naweza kugusa?"

Nikampisha. Ningesema nini? Alichomeka kijiti chake cha kumbukumbu, akabonyeza hapa na pale, na mchezo ukaanza kuteleza kama mafuta. Muziki safi, hakuna mkwaruzo hata mmoja.

"Mwone!" Arttu akapiga makofi. "Dada yangu amehangaika msimu mzima, wewe hata kahawa haijapoa!"

"Labda alikuwa anaifanyia maombi," Baba akadakia.

Wakacheka wote. Mimi nilicheka pia, kicheko ambacho hutoka huku meno yamefungwa.

Tukashindana watatu. Muziki ulikwenda mbio kuliko ninavyoukumbuka, na vidole vyangu vilivyokuwa vikifunga breki bila kuniuliza vilifika vimechelewa kwenye kila kona. Niligonga mti. Nilirudi barabarani, nikagonga mti wa pili. "Unatafuta uyoga huko?" Arttu akaniuliza, kisha akamgeukia Tove na ule uso wake wa kuchokoza ambao tangu utoto ulikuwa ukinigeukia mimi. Tove alishinda.

Tuliingia sauna wanawake kwanza, Mama, mimi na yeye. Akachota maji, akamwaga tone la kiungwana. "Binti yangu, hayo ni maji au machozi?" Mama akamuuliza. "Mwaga!" Akamwaga kweli, mvuke ukatuinamisha sote vichwa, Mama akampiga begani kwa furaha. Mama alimwita binti yangu, Mjomba. Nilikaa benchi la juu nikiungua, na sikukubali kuwa wa kwanza kutoka.

Nimerudi mjini ndipo nikajua alichokifanya. Tove hakutengeneza chochote. Aliuweka kando mchezo wetu na kufungua wake, toleo la Amerika. Kaseti yetu ilitengenezwa kwa televisheni za huku Ulaya, zilizokuwa zikionyesha picha hamsini kwa sekunde. Za kwenu huko huonyesha sitini, na skrini ya kompyuta yangu pia ni ya sitini. Mchezo wetu ulikuwa ukikwaruza kwa sababu nilikuwa nikiulazimisha mwendo usio wake. Kumbe dawa ilikuwa kuiweka skrini yenyewe kwenye hamsini. Nikaiweka. Ukateleza, Mjomba, na muziki ukarudi kwenye mwendo wake, ule mzito tuliolala tukiusikia wewe ukicheza chumba cha pili. Kona zote zilikuwa pale vidole vyangu vinapozijua.

Nilimwita Arttu siku ileile. Alicheza mzunguko mmoja.

"Mchezo umetulia," akasema. "Ila Saimi, huu sasa si mashindano, ni msafara wa mazishi. Ule wa Tove ndio mchezo kama ulivyokusudiwa. Sisi utoto wote tulikuwa tunapunjwa mwendo, na hatukujua."

Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa, kwa kuwa kuhusu mashine yuko sahihi. Kinachoniuma ni lile neno kupunjwa. Mimi sikuona nimepunjwa kitu.

Agosti anahamia Gothenburg kwa Tove. Amenituliza kwa ujumbe kwamba tutacheza kupitia mtandao kila Jumapili, na kwamba kompyuta zote zinatakiwa kuwa na toleo moja, kwa hiyo niweke la haraka. Aliliandika jambo hili katikati ya habari za masanduku, kabati na ukarabati wa nyumba, kama kitu kilichokwisha kuamuliwa.

Mfikishie salamu mkazamjomba Ellen, mwambie mkate wake wa iliki tumeuiga na umetushinda. Mama, Baba na Arttu wanakusalimu. Mungu akunyooshee goti na akuletee majira mema ya joto, yenye mbu wachache.

Nilitaka kuishia hapo, lakini afadhali ulisikie kwangu kabla Arttu hajakupigia simu. Leo asubuhi nimelituma toleo letu la polepole, si kwa kaka yangu, bali kwa Tove. Nimemweleza namna ya kuiweka skrini kwenye hamsini na akiba ya sauti iwe kiasi gani ili lisikwaruze. Nimemwambia kwamba huu ndio mwendo wa nyumba hii, kwamba Jumapili ya kwanza nitamsubiri humo yeye na mimi tu, na kwamba akinishinda hapo, nitaweka la haraka na sitalalamika tena. Nimemtakia kila la heri na ukarabati wa nyumba yao. Katika mashindano sikumtakia lolote.

Mpwa wako akupendaye kwa moyo wote,

Saimi