Waya Ulionyooshwa

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Dawa ya Mama ni baada ya kula. ~~Ukitoka dukani ukunje waya wa antena.~~ Hapana, waya usubiri.

Nimeunyoosha mimi jana nikifagia uwani. Niliuona umezungushwa kama kamba ya mbuzi, nikadhani ni masalio. Kumbe, nimesoma kwenye kitabu chako, ule mzunguko ndio unaozuia umeme uliopotea usirudi ndani kupitia ganda la waya na kuingia redio nyingine za nyumbani. Ungeniambia, mwenzangu, mimi sipigi ramli.

Basi leo asubuhi ulipokuwa unawaita rafiki zako wa hewani kwa ile redio yako ya kurushia sauti, sauti yako imetokea kwenye redio ya mama yako: "Kuna anayenisikia? Nijibu." Nimemkuta ameketi kitandani, kajitanda kitambaa chake kizuri, anajibu: "Nakusikia, mwanangu. Leo umenikumbuka."

Nimekosa moyo wa kumweleza.

Watu wa mbali unajua mpaka mvua yao. Yeye yuko chumba cha pili. Pita kwake kwanza, uketi, mwongee. Waya utaukunja baadaye.

Mpaka naondoka, redio hajaizima.

Mama Watoto