Picha ya Marehemu Iliyojaza Mtandao

Baba Nafula,

Goti lako linaendeleaje huko nyumbani? Ile dawa ya kuchua unapaka, ama umeiweka tu dirishani? Sisi hapa Kisumu tuko, Mungu anatushika. Kwa simu ulisikia nusu ukakasirika, ukasema mtoto aache hii kazi ya intaneti arudi. Ndiyo maana nimeandika, usome pole pole.

Ilikuwa hivi. Mtandao wa kampuni ya mtoto ulilemaa siku tatu, nyumba zote za Kisian zinazotumia mlingoti mmoja. Mkubwa wake akasema Nafula alifunga mitambo vibaya, na kama Ijumaa saa kumi hajapata shida iko wapi, arudishe ngazi na funguo. Mimi nikashindwa kukaa, Ijumaa hiyo nikaenda naye kumshikia ngazi.

Alinieleza kwamba mlingoti unaongea na nyumba moja moja kwa zamu. Lakini kifaa fulani kilikuwa kinatuma picha kwa wote, hata wasioomba, na mlingoti unaituma pole pole ndiyo nyumba ya mbali kabisa ipate. Mambo ya wengine yanangoja tu. Laptopu yake ikaonyesha inatoka boma moja juu ya barabara ya Busia.

Kufika, tukakuta mahema. Kumbe ni matanga. Fundi wa muziki alikuwa ameweka runinga tatu, kwa wanaume, kwa wanawake na kwa wapishi, zote zinaonyesha marehemu akicheka kwa harusi ya binti yake. Nyaya zake alizichomeka pamoja na waya wa antena ya intaneti ya hilo boma, bila kitu cha kutenganisha, ndiyo picha ikawa inatoka nje.

Nafula akaenda moja kwa moja kwa nyaya. Nikamshika mkono. Saa tisa ilikuwa imepita.

"Hapa tunakaa kwanza," nikamwambia.

Baba Nafula, alinitazama kama ni mimi nimemfukuza kazi. Lakini utaingiaje kwa watu wanaolia, uwazimie mtu wao? Tukasalimia, tukapewa chai, tukaimba nao wimbo mmoja. Simu ikalia mfukoni mwake, hakushika. Saa kumi ikapita tukiwa kwa kiti.

Ndipo nikamweleza mjane. Akaniuliza, "Mama, mnataka kumzima mara ya pili?"

Nafula ndiye alijibu, sauti chini: "Hapana, mama. Atabaki hapa kwake. Nataka tu asitoke nje ya boma."

Akatoa kisanduku kidogo kwa mkoba, akakiweka kati ya antena na runinga. Zilizimika kidogo. Mjane akanishika kidole, akakifinya mpaka picha ikarudi. Na huko nje mtandao ukafunguka.

Mkubwa alipopiga tena, aliuliza saa kumi alikuwa wapi. Nafula akasema tulikuwa tunaomboleza. Yule akamwambia Jumatatu aje na ngazi mapema, kuna mlingoti wa Dunga wa kutengeneza.

Kwa hivyo usimwambie arudi. Mimi naogopa zaidi yako, akipanda juu nafunga macho. Lakini anaijua kazi yake, na sasa anajua na ya watu.

Nisalimie mama mkwe, mdogo wako na bibi yake, na jirani anayetukamulia ng'ombe.

Ukimpigia Nafula, usiongee mambo ya kazi. Mwambie tu wewe ni baba yake na umefurahi.

Ni mimi bibi yako,
Mama Nafula