Ndama wa Tatu

Nyahanga, Jumanne jioni, Agosti 1976

Kumbe mimi si mwizi. Tangu jana nilikuwa nimeanza kuamini kuwa ndimi mwizi kweli.

Masanja alinikabidhi ng'ombe wake mmoja nimtunze. Tulikubaliana maziwa ninywe mimi, ndama wawe wake, ila wa tatu awe wangu. Wa tatu kazaliwa jike, na makubaliano yamemtoka kichwani. Akakimbilia polisi kusema nimemwibia.

Leo koplo alitusikiliza wote wawili, kisha akafunga daftari lake. "Bwana Masanja, hapa hakuna jinai. Haya ni madai. Nendeni Mahakama ya Mwanzo, na kila mtu aje na shahidi."

Shahidi. Hatukuandika chochote, huku nani huandikiana ng'ombe? Aliyekuwepo siku ile ni mama mzazi wa Masanja tu. Nilikwenda kwake, nikamwamkia, nikamweleza yote.

Bibi aliendelea kupepeta mtama wake. "Nitamwambia hakimu nilichosikia," akasema. "Masanja ni mwanangu, lakini masikio ni yangu."

Hakimu ataamuaje, sijui. Ila jioni hii, kabla ya kumfunga ndama, nimempa jina.