Mwenye kadi aje mwenyewe

Jumatano. Mvua ilianza saa sita na bado inapiga mabati kama inadai kitu. Mteja hakuna. Mimi nina hasira.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeifuta mara mbili, kisha nikairudisha. Nyumbani kwetu watu hawasemi wana hasira, wanasema wamechoka. Mimi sijachoka. Nimelala vizuri, nimekula vizuri. Nina hasira tangu Jumapili, na leo imepanda zaidi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuchapa barua za watu. Nina chumba kimoja karibu na gare ya Kamembe, pale mabasi yanapoegesha, kompyuta moja, na printa inayotafuna karatasi ikijisikia. Watu wananiletea shida zao na mimi ninazitafutia maneno. Mpaka wa shamba, mtoto aliyenyimwa cheti, mume aliyehama bila kuaga. Barua za kulalamika juu ya kusimamishwa barabarani nimechapa nyingi, hasa mwaka huu, hata sehemu zake nazijua kwa kichwa. Aliyesimamishwa aambiwe sababu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Kitu kikichukuliwa, kiandikwe, na mwenyewe aachiwe nakala. Wateja huniambia, dada, wewe unaongea kama avoka, kama wakili wa mahakamani. Ninacheka, lakini moyoni nafurahi sana.

Jumapili sikuongea kama avoka.

Tulikuwa tunarudi Kamembe kutoka Nyakabuye, kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yangu. Garini tulikuwa watatu: mimi, Maman, na shemeji Fidèle, mume wa dada yangu, anayeishi Bukavu na kuuza vitenge pande zote mbili za mpaka. Gari ni lake, kwa hiyo lina plaki ya Kongo, namba za huko mbele na nyuma. Zamani plaki hiyo ilikuwa plaki tu. Tangu risasi zianze tena upande wa pili, Fidèle anasimamishwa kila anapovuka, na kila mara anapekuliwa mpaka tairi la akiba. Ananisimulia huku anacheka. Nilikuwa nadhani anatia chumvi.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha polisi barabarani, pikapu iliyobeba mchele wa Bugarama ilipita. Jeep ikapita, dereva hakushusha hata kioo. Sisi tukaonyeshwa kando. Fidèle alikuwa ameshaanza kwenda kando kabla mkono wa polisi haujainuka vizuri.

Afande alikuwa mstaarabu, hilo lazima niliseme. Alitusalimia kwa Kinyarwanda. Fidèle akajibu kwa Kinyarwanda chake cha Bukavu, na afande papo hapo akahamia Kiswahili. Waliokulia huku hawajui kuhama huko kunavyouma. Kitambulisho changu ni cha nchi hii, kodi ninalipa, umuganda, ile kazi ya jamii ya Jumamosi, natoka na jembe langu kama wengine. Halafu mtu anasikia neno moja kinywani mwetu, anajua tulikulia ng'ambo, na ananibadilishia lugha kama mgeni. Nilikuwa kiti cha mbele, nikatoa kitambulisho.

Afande hakuwa amemwambia mtu yeyote ashuke. Tulisikia mlango wa nyuma ukifunguka. Maman alishuka, akavua viatu, akavipanga pembeni ya lami, akaketi kwenye matope na mikono juu ya kichwa. Alikuwa na kitenge chake cha ubatizo, kile cha njano.

Hakuna aliyemwambia.

Ninajua alikojifunza. Wakati wa vita vya kwanza, kule Bukavu, ndivyo watu walivyoshuka kwenye bariyeri: viatu, chini, mikono, na usijibu kitu. Aliyechelewa alipigwa. Miaka imepita, Maman ana wajukuu, anaimba kwaya, anabishana na wauza samaki sokoni hadi wanamkimbia. Nilidhani yale yameisha. Mwili wake ulikuwa unayasubiri.

"Mama, simama," afande alisema. "Nani amekuambia ukae chini?"

Maman hakujibu. Nikaona uso wa afande unabadilika. Mtu asiye na kosa hakai chini bila kuambiwa, nadhani ndivyo alivyowaza, na labda mimi nisingemjua Maman ningewaza hivyo hivyo. Ikaanza. Buti ya gari, viti, mkoba wangu, sufuria ya chakula tuliyofungiwa na wenye ubatizo, kifuniko kikafunuliwa. Hakuna aliyetuambia kinatafutwa nini. Mwisho afande akamrudia Maman na kuona kwamba mkono mmoja umeshuka kichwani, umeshika kiuno.

"Unaficha nini hapo?"

Akainama, akalivuta fundo la kitenge mwenyewe, kwa mkono wake.

Hatua kumi kutoka pale alikuwa amesimama polisi mwanamke, anaandika namba za magari. Nilimwona. Sentensi niliijua, niliichapa Alhamisi iliyopita kwa mama mmoja wa Bweyeye. Ilikuwa inahitaji pumzi moja tu: afande, tafadhali, mwite mwenzako wa kike ampekue. Badala yake unajua nilisema nini? Nilimwambia Maman kwa Kinyarwanda, kile kisafi nilichojifunza kwa kusikiliza redio, kwamba atulie na asitutie aibu.

Nilitaka afande asikie kwamba mimi si kama Maman.

Hiyo ndiyo hasira yangu, sehemu kubwa yake. Iliyobaki nitawagawia polisi.

Ndani ya fundo mlikuwa na kadi ya Papa, baba yetu, kadi yake ya utambulisho ya wakati wa Zaire, imezungushiwa plastiki. Hiyo ndiyo picha pekee ya Papa tuliyo nayo duniani. Nyingine zote zilibaki nyumbani kule Bukavu, na nyumba hiyo haipo tena. Siku tuliyokimbia, Papa alimpa Maman koti lake abebe, akasema tangulieni, nafunga nyumba nakuja. Tukavuka daraja la mpakani kuja huku. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Papa hakuja, wala hakuna aliyewahi kutuambia alimwona wapi.

Fidèle alijaribu. "Afande, ile ni ya baba mukwe wangu, ni souvenir, ukumbusho ya familia."

"Mbona mama anatembea na kadi ya muntu mwingine? Tena anaficha?"

Kadi ya Kongo, ya mwanaume, kiunoni kwa mwanamke aliyekaa kwenye matope, gari la plaki ya Kongo. Ukizipanga hivyo zinaonekana vibaya, sikatai. Lakini aliyezipanga hivyo si sisi. Afande aliitia kadi mfukoni, akasema tuifuate kituoni, akatuachilia. Karatasi ya kuonyesha kwamba amechukua kitu hakuandika. Mimi sikuiomba. Maman alivipakata viatu vyake mapajani njia nzima.

Jumatatu kituoni niliambiwa mkubwa hayupo. Jana niliambiwa nisubiri, nikasubiri hadi wakafunga. Leo asubuhi hatimaye nilimpata mwenye daftari, polisi anayeandika vitu vilivyochukuliwa. Naye alikuwa mpole. Nimeanza kuuchukia upole huu, maana haumfungulii mtu mlango, unamfanya tu aone haya kupiga kelele.

"Kadi iko," alisema. "Lakini hatuwezi kuipatia muntu mwingine. Mwenye kadi akuje mwenyewe."

Nikamwambia hayupo.

"Hayupo kwa safari, ao alikufa?"

Nikaliangalia daftari lake. Akanieleza kwa utaratibu, kama anaelekeza mteja benki. Kama ni marehemu, mke wake aandike hivyo, na mashahidi wawili watie sahihi, kisha kadi itatolewa siku hiyo hiyo. Nilishukuru. Ndiyo, nilishukuru, ulimi umezoea.

Barua ya namna hiyo ninayo tayari kwenye kompyuta. Nimeichapia familia nyingi za hapa, nabadilisha majina tu, dakika tano imekwisha. Kwetu haijawahi kuandikwa. Maman hajawahi kulisema neno marehemu juu ya Papa. Kanisani wakiomba majina ya marehemu, anatoa la mama yake, la kaka zake wawili, anakaa. Mwaka mmoja dada yangu alimshauri tufanye misa ya Papa. Maman aliinuka mezani akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Saa sita nilikwenda nyumbani kumweleza. Alikuwa barazani anachagua maharage. Nilipanga kusema yote mawili, kwamba mwenyewe aje, au aandikwe marehemu. Nilisema la kwanza, nikakwama.

"Banasema yee mwenyewe akuye?" aliuliza.

"Ndiyo, Maman."

Akatupa maharage mabovu pembeni. Uso wake ukalegea, nikaona kitu nilichokuwa sijakiona tangu Jumapili. Alikuwa ametulia.

"Basi iko muzuri. Banaitunza. Na bataona sura yake, siku akipita batamujua."

Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza miaka mingi iliyopita. Kwa nini anatembea nayo? Kwa nini haiachi kabatini, ndani ya Biblia, mahali ambapo hakuna wa kuichukua? Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo.

"Koti njo mi niliibeba," alisema. "Papa yako alibakia bila kadi sababu yangu. Na kila fasi, kila njia, kulikuwa bariyeri. Siku atakuya, kwa barabara batamuomba kadi. Ataonyesha nini?"

Habari ya koti niliijua tangu utotoni. Hii sikuijua. Kila safari, sokoni, kanisani, Nyakabuye kwenye ubatizo, Maman amekuwa akimbebea Papa kadi yake ili wakikutana njiani ampatie kabla polisi hawajamfikia.

Na mimi nilimwambia asitutie aibu.

Nilirudi kazini kwenye mvua bila mwavuli. Nikaifungua ile barua iliyo tayari. Nikaandika jina la Papa mbele ya neno lile, nikaliangalia, nikalifuta. Siyo kwamba ninaamini atakuja. Sasa hivi, nikiwa peke yangu hapa, naweza kusema siamini. Lakini sahihi wanayoitaka siyo yangu, ni ya Maman, na sitamwekea kalamu mkononi aandike kitu hicho ili apewe kitu ambacho ni chake tangu mwanzo. Walikichukua kwa mkono mmoja, bila karatasi. Kwa nini kukirudisha kuhitaji mashahidi wawili na Papa azikwe?

Nimeandika nyingine. Imechukua saa mbili, mimi ninayejisifu kwa dakika tano. Nimeandika kwamba gari letu liliwekwa kando na magari mengine yakapita, na sababu hatukuambiwa. Nimeandika kwamba mama yangu alipekuliwa na mwanaume, na polisi mwanamke alikuwa hatua kumi. Nimeandika kwamba kadi ilichukuliwa na hakuna nakala tuliyopewa. Nimeandika kwa nini alikaa chini, kwa sentensi moja, na hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Mwisho nimeweka ombi, nalinakili hapa kama lilivyo:

"Ninaomba kadi irudishwe mikononi mwa mke wake, aliyekuwa akiitunza, aendelee kuitunza mpaka mwenyewe atakapokuja kuichukua."

Fidèle nimemsomea kwenye simu. Amesema watacheka. Wacheke. Amesema pia labda wataniuliza tena kama Papa ni hai au alikufa. Hapo sijui nitajibu nini, na Maman atakuwa amesimama kando yangu. Labda nitasema ukweli tunaoujua sote wawili, kwamba alisema anafunga nyumba anakuja.

Printa imekubali, nakala tatu, hata moja haikutafunwa. Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili. Nitamsomea mwenye daftari barua yote kwa sauti, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, na Kinyarwanda changu cha redio kitabaki nyumbani. Maman ana raba za kamba alizonunuliwa na dada yangu na hazipendi, anasema zinachukua muda kuvua. Kesho atavaa hizo. Kamba nitazifunga mwenyewe, mafundo mawili kila mguu.